Namba za Mashine Kubwa

Jumatano mchana umeme ulikuwa umekatika, nasi tulikuwa tumekaa kwenye ngazi za mlango tukingoja urudi, mwanamke nisiyemjua aliposhuka kwenye moto, pikipiki ya abiria, mbele ya chumba chetu. Alikuwa amekumbatia mzigo kifuani kama mtu anayempeleka mtoto mwenye homa hospitali: kitenge kilichofungwa mara mbili, na ndani yake mfuko wa unga. Akamlipa mwenye moto, akayatazama mawe meusi ya uwanja wetu akitafuta pa kukanyaga, kisha akauliza kabla ya salamu:

"Byiringiro ni nani hapa?"

Umwiza, ambaye tunafundisha naye, alininyooshea kidole bila hata kugeuka.

"Huyu?" mwanamke akasema. "Nilizani ni muzee."

"Atakuwa," Umwiza akasema. "Umungoje kidogo tu."

Mgeni hakucheka. Alichomoa kwapani kifurushi cha karatasi, akamkabidhi Umwiza. Harufu ya samaki wa moshi ikatufikia sote.

"Siwezi kuingia kwa mutu mikono mitupu," akasema. "Hata kama nimekuja kumugombeza."

Tukamkaribisha ndani. Chumba chetu kiko mtaa wa Katindo, hapa Goma, nyuma ya saluni, na humo tunafundisha vijana kuandika programu za simu. Tuna kompyuta, sisi tunaziita mashine: ndogo sita za wanafunzi, na moja kubwa iliyoachwa na mradi fulani siku ulipofunga milango. Umwiza hufundisha wanaoanza. Mimi nafundisha wanaodhani wamekwisha kujua, na siku zile mimi mwenyewe nilikuwa mmoja wao.

Alikaa, akafungua kitenge taratibu. Ndani ya mfuko mlikuwa na mashine ya kubebeka, ya zamani, herufi mbili zimeng'oka. Chini yake palikuwa na karatasi iliyokunjwa mara nne. Aliikunjua juu ya meza, akailainisha kwa kiganja. Niliitambua kabla sijasoma neno lolote.

"Naitwa Kahindo. Niko natoka Vitshumbi, nimelala Kiwanja. Hii ni wewe uliandika?"

"Ni mimi, mama."

"Sawa. Basi unieleze."

Ulikuwa ukurasa wangu. Niliuandika mwaka uliopita na kuutuma kwenye kundi letu la WhatsApp, lenye watu mia tisa kutoka Bukavu mpaka Bunia, na watu wakautuma mbele na wengine wakauchapisha. Kile chombo tunachoandikia programu za simu sisi tunakiita studio. Pamoja nacho kuna kingine, mjenzi, kinachochukua ulichoandika na kukigeuza kuwa programu kamili unayoweza kuiweka kwenye simu. Vyote viwili vinakula kumbukumbu ya mashine, na vyote viwili vinakuja na kiasi kilichopangwa na waliovitengeneza. Kwetu kiasi hicho kilikuwa kidogo mno. Kujenga programu moja kulichukua dakika sita, na wanafunzi walitoka kununua karanga wakisubiri. Basi nikabadilisha namba: giga nne kwa studio, giga nne kwa mjenzi, na amri ya kuzichukua zote tangu mwanzo badala ya kuanza na kidogo na kuongeza. Dakika sita zikawa mbili. Siku hiyo nilikaribia kulia kwa furaha, na usinicheke, nilikuwa nimemaliza chuo miezi michache tu na hicho kilikuwa kitu changu cha kwanza kufanya kazi.

Nikaandika yote. Juu kabisa niliweka maneno niliyoyapenda sana: *Namba hizi zilipangwa na watu wasiotujua. Futa za zamani, usirudi nyuma. Nimejaribu kwenye mashine zetu za hapa Goma.*

Kahindo alikuwa amepigia mstari sentensi hiyo ya mwisho.

"Nne ya studio na nne ya mujenzi," akasema. "Ni ngapi?"

"Nane."

"Mashine yangu iko na ngapi?"

Niligeuza mashine yake na kusoma kibandiko cha chini, ingawa nilikwisha kujua. Uso uliniwaka.

"Nne."

"Ni wewe mwalimu," akasema polepole. "Mimi nilikomea mwaka wa ine wa secondaire. Lakini hiyo hesabu niliifanya kwenye gari."

Umwiza alisimama, akasema anakwenda kuweka samaki mahali ambapo paka wa saluni hafiki.

Nataka niseme jambo hili wazi, kwa sababu ndilo lililonisumbua kuliko mengine. Sikudanganya kwa kukusudia. Lakini "mashine zetu" ilikuwa mashine moja, ile kubwa, yenye giga kumi na sita. Utaratibu wetu ni huu: wanafunzi wanaandika kwenye zile ndogo, halafu kila mmoja anabeba kazi yake kwenye flash na kupanga mstari mbele ya mashine kubwa ili ijengwe. Kwa mwaka mzima hakuna aliyewahi kujenga kwenye ndogo. Sikujua zingefanya nini, na sikuuliza.

Na wiki hiyohiyo ukurasa ule ulikuwa unanipa kazi. Shirika moja lilikuwa linatafuta mkufunzi wa kuzunguka miji sita, mkataba wa mwaka, mkataba wangu wa kwanza tangu chuo. Bwana Paulin, mkuu wa uteuzi, alinipigia mwenyewe Jumatatu. "Tumepata maombi themanini," alisema. "Wewe ndiye umeandika kitu kwa ajili ya mashine za watu wa kawaida. Ijumaa saa nne tunazungumza kwa video, mambo ya kawaida tu. Wiki ijayo tunauchapisha ukurasa wako kuwa somo la kwanza." Mama yangu alikwisha kuwaambia wanakwaya wote. Walikuwa wameanza kuniita "directeur", mkurugenzi, nikipita.

"Mashine yako inajenga nini, mama?" nikamuuliza Kahindo, ili niseme kitu.

Alinieleza. Yeye ni katibu wa ushirika wa wavuvi wa Vitshumbi, kule ziwani. Pirogi, mitumbwi yao, zinatoka jioni, zinarudi asubuhi, na zamani alikuwa anasimama ufukoni na daftari, anaandika waliotoka, anafuta waliorudi. Baadaye akajifunza peke yake, kwa paneli ya jua na kurasa alizokuwa anazipakua akifika Kiwanja, akatengeneza programu ndogo. Wanawake watatu wanayo kwenye simu zao, kila mmoja kwenye upande wake wa ufuko. Pirogi ikirudi wanagusa namba yake kwenye simu. Ikifika saa tatu asubuhi na kuna ambayo haijaguswa, simu zote tatu zinalia, na pirogi yenye mota inatoka kutafuta.

"Ilikuwa inatembea muzuri?" nikauliza.

"Miezi saba. Kisha muvuvi mumoja akanunua pirogi ya mwenzake na namba yake. Sasa ziko mbili na namba moja, kumi na ine. Moja ikirudi, programu inasema zote zimerudi. Niliona lile kosa, nikaiandika programu upya siku ileile. Kuijenga tu ndio kulibakia." Aligonga karatasi kwa ukucha. "Zamani kujenga kwangu kulichukua dakika kumi na moja. Nikasema, hapana, niharakishe. Niweke kwanza namba za muzee wa Goma."

"Na baada ya hapo?"

"Haijamaliza kujenga hata mara moja. Taa ya diski inawaka tu. Niliiacha kutoka asubuhi mpaka jua linatua. Nikashusha mbili kwa mbili, ileile. Nikashusha nusu, ikakataa, ikaandika kumbukumbu haitoshi. Za zamani nilizifuta, juu ya vile uliandika tufute. Sijue tena nilitoka wapi. Ni wiki tatu sasa."

"Kwa nini hukuuliza kwenye kundi?"

"Niliuliza. Ulinijibu."

Akanionyesha kwenye simu. Chini ya swali lake refu, lililoandikwa kwa adabu, palikuwa na jibu langu: *Jaribu kuongeza kumbukumbu*, na alama ya dole gumba. Sikukumbuka kuliandika.

Gari lake lilikuwa linarudi Ijumaa saa kumi na mbili asubuhi. Nikamwambia ataondoka na programu iliyojengwa. Aliniangalia kwa muda, kama anayepima samaki kwa macho kabla ya kuuliza bei.

"Si kwenye hiyo kubwa yako," akasema. "Kwenye hii yangu. Keshokutwa nikirudi kule, wewe hauko."

*

Alhamisi alifika saa mbili asubuhi kutoka Majengo alikolala kwa dada yake. Umeme ulikuwepo. Tuliiweka mashine yake katikati ya meza, naye akafungua daftari na kuvua saa yake ya mkono. Safu moja aliandika namba tulizoziweka, safu ya pili dakika. Mimi, mwenye diploma ukutani kwangu, sikuwahi kufanya hivyo hata mara moja. Nilikuwa nimepima mara mbili tu maishani, kabla na baada, nikafurahi na kuacha.

Kwanza nilimwonyesha kilichokuwa kinatokea. Mashine ikiishiwa kumbukumbu haisemi. Inaanza kuhamishia vitu kwenye diski, na diski yake ni ya zamani, ile inayozunguka. Kikihitajika kitu inakirudisha, na ili kipate nafasi inatoa kingine. Inakuwa inahamisha tu, kazi yenyewe haifanyi.

"Kama kupika kwenye nyumba ya chumba kimoja," Kahindo akasema. "Unatoa kitanda ili uweke mbabula ya makaa, mutoto anataka kulala, unatoa mbabula."

"Ndiyo hivyo."

"Na wewe uliniambia nilete kitanda kingine."

Umwiza alikohoa ndani ya kikombe chake cha chai.

Tuliondoa ile amri ya kuchukua zote tangu mwanzo. Tukampa mjenzi giga moja. Kahindo akatazama saa. Dakika ya saba ikafa: kumbukumbu haitoshi. Akaandika. Tukampa giga moja na nusu, studio moja. Tukasubiri. Wanafunzi walikuwa wameanza kufika, wakawa wanakaa nyuma yetu na flash zao mikononi, hakuna aliyekwenda kwenye mashine kubwa. Dakika ya kumi, ya ishirini. Ikamaliza dakika ya thelathini na moja.

"Imejenga," nikasema.

"Thelathini na moja," akasema, akaandika. "Betri yangu inashika dakika makumi mbili na tano."

Saa tano umeme ukakatika. Betri yake ikatuacha kama alivyosema. Umwiza akaenda kuzungumza na mwenye saluni, ambaye ana jenereta na mdomo mkali, akarudi na waya mrefu na masharti: tusiiguse jenereta kabla hajamaliza nywele za bibi harusi, na mmoja wetu akabebe maji. Nilibeba mimi, madumu mawili.

Niliporudi Kahindo alikuwa ameketi palepale, mikono mapajani.

"Nauliza kitu kijinga," akasema. "Studio ni ya kuandikia, hivi?"

"Ndiyo."

"Mimi nimemaliza kuandika wiki tatu zilizopita. Sasa iko inafanya nini pale?"

Nilisimama na madumu yangu. Mjenzi anaweza kuitwa peke yake, kwa dirisha jeusi la amri, studio ikiwa imefungwa kabisa. Kila mtu wa fani yetu analijua hilo. Kwenye mashine kubwa hakuna anayejisumbua, kwa sababu nafasi ipo, na nilikuwa nimezoea nafasi.

Tukafunga studio. Nikamwambia mjenzi afanye kazi moja kwa wakati mmoja, asikimbize nne sambamba, na asitafute kitu chochote kwenye mtandao, maana vyote alivyohitaji vilikwisha kuwa ndani ya diski. Giga moja na nusu. Kahindo akaandika amri mwenyewe, herufi kwa herufi, akibonyeza pale palipong'oka kwa ncha ya kalamu. Kisha akashika saa.

Taa ya diski iliwaka, ikazima, ikawaka. Safari hii ilikuwa inapumua.

Dakika tisa.

Hakuna aliyepiga makofi. Mwanafunzi mmoja, Charline, alichomoa flash yake kwenye mfuko na kuitazama, akauliza kama naye anaweza kujaribu kwenye ndogo. Kahindo aliiweka programu kwenye simu yake kwa waya, akajiandikia pirogi mbili za namba kumi na nne, akagusa moja. Nyingine ikabaki nyekundu. Aliitazama ile nyekundu muda mrefu.

"Iko muzuri," akasema.

Nilimsindikiza mpaka barabarani kutafuta moto. Nilikuwa mwepesi, nadhani nilikuwa natabasamu. Akasimama kando ya rundo la mawe ya ujenzi, kitenge kifuani.

"Sikukuambia kitu jana," akasema. "Sikutaka mikono yako itetemeke."

Nikashusha mkono niliokuwa nimeunyoosha kusimamisha moto.

"Wiki ya pili, wakati mashine imekataa, tulirudi kwenye daftari. Lakini wale wanawake walishazoea simu. Ile programu ya zamani ilikuwa bado inalia kila asubuhi kwa wengine, wakaiamini. Siku moja upepo ulikuwa mukali. Kumi na ine ikarudi. Simu zikanyamaza. Mimi nilikuwa Kiwanja, nilikuwa nimekuja kusoma jibu lako. Tulijua saa sita kama kumi na ine nyingine haiko. Walikuwa watatu. Wawili waliwakuta wamekamata mbao. Donat hatukumupata."

Malori yalipita, vumbi likatuzunguka.

"Ziwa ndilo lilimuchukua," Kahindo akasema. "Si wewe. Nilishamuambia muke wake vile. Hata mimi nina sehemu yangu, niliiacha ile programu kwenye simu zao. Lakini kuna watu wengine wameketi sasa hivi na karatasi yako. Sitaki pesa ya njia. Nataka uandike, pale juu kabisa, mbele ya yale maneno mengine: *nilikosea*. Na ni mashine gani ulitumia. Na jina lako."

"Nitaandika."

"Lini?"

"Kesho."

"Kesho nitapita Kiwanja saa tatu na nusu. Kutoka pale kwenda Rwindi réseau ya simu inakatika, na kwetu unaijua. Nikifika Kiwanja nitaangalia. Nataka niione, ili nikifika nimuambie muke wa Donat kama nimeiona kwa macho."

"Utaiona, mama."

"Haya." Akapanda moto. "Na umuambie yule dada mwenzako samaki asimuoshe na maji ya moto. Anamuharibu."

*

Umwiza alinisikiliza mpaka mwisho. Alikuwa anakunja waya wa saluni kwenye kiwiko.

"Andika," akasema. "Lakini andika saa saba."

"Nimemwahidi saa tatu na nusu."

"Prof, sikiliza. Paulin anakuita saa nne. Saa tano mmemaliza. Saa saba unaandika *nilikosea* mara kumi ukitaka, unaweka na picha yako ya ubatizo. Nani anaumia kwa masaa matatu na nusu?"

"Yeye hataona."

"Atafikiri réseau. Sisi wote tunafikiriaga réseau."

Hakuwa anasema hivyo kwa ubaya. Umwiza alikuwa amekaa na mimi miaka miwili katika chumba kile, anajua nilivyokuwa nikitembea kwa mguu kutoka kwetu Ndosho. Nami nilizijua hoja zake zote kwa sababu nilikwisha kujipa mwenyewe barabarani, nikirudi. Nilijipa na moja zaidi, nzuri kuliko zake: nikiipata kazi nitawafundisha watu wa miji sita namba zilizo sahihi. Ilikuwa hoja ya kweli kabisa. Niliibeba mpaka nyumbani, nikala nayo, nikaiweka kando ya mto wa kulalia. Shida yake ilikuwa moja tu, kwamba nilikuwa nimekwisha kuisikia. Mwaka jana nami nilitaka kuwasaidia watu wote kwa mara moja, na kwa haraka hiyo sikumuuliza hata mmoja mashine yake ina giga ngapi.

Ijumaa nilifika saa moja na nusu. Nilivaa shati nililonunuliwa na mama kwa ajili ya video. Nilifungua ukurasa nikaanza kuandika juu yake, na ilinichukua muda mrefu kuliko nilivyotegemea, kwa sababu kila sentensi ilitaka kunitetea. *Kwa bahati mbaya.* Nikafuta. *Baadhi ya watumiaji wamepata.* Nikafuta. Saa tatu na dakika kumi nilikuwa na haya:

*Nilikosea. Namba zilizo hapa chini nilizijaribu kwenye mashine moja tu, yenye giga kumi na sita. Niliandika "mashine zetu" na haikuwa kweli. Kama mashine yako ina giga nne, namba hizi zitaisimamisha. Namba za awali nilizowaambia mzifute zilikuwa bora kwenu kuliko zangu. Kabla ya kubadilisha chochote, andika pembeni namba uliyoikuta. Mpe mjenzi giga moja na nusu, asichukue zote tangu mwanzo, afanye kazi moja kwa wakati mmoja, bila mtandao. Pima kwa saa. Vipimo hivi ni vya Kahindo wa Vitshumbi, tulivifanya kwenye mashine yake. Ni mimi, Byiringiro.*

Sikumtaja Donat. Huyo si wangu wa kumtaja kwenye kundi la watu mia tisa. Lakini nilipoandika neno *zitaisimamisha* nilimwona, mtu nisiyemjua sura, na vidole vikakaa juu ya herufi bila kushuka.

Umwiza aliingia, akasoma akiwa amesimama nyuma yangu. Alivuta kiti, akakaa kando yangu kama watu wanavyokaa na mgonjwa.

Saa tatu na dakika kumi na nane nikatuma. Kwenye ukurasa, na kwenye kundi.

Kisha majibu yakaanza: mmoja wa Butembo akiandika *kumbe*, na hakuna zaidi; mwingine akisema aliuza mashine yake akidhani imekufa. Huyo nilimsoma mara mbili. Mwingine akacheka kwa nyuso nyingi za manjano. Saa tatu na dakika arobaini simu ikaita.

"Byiringiro," alisema Bwana Paulin. Sauti yake haikuwa kali, na ningependa ingekuwa. "Nimetumiwa kitu sasa hivi. Ni wewe umeandika?"

"Ndiyo, Bwana Paulin."

"Giga kumi na sita."

"Ndiyo."

"Sisi tulikuchagua kwa sababu ya zile ndogo."

"Najua. Jana nimezijaribu kwa mara ya kwanza."

Nilisikia karatasi zikisogezwa. "Unanielewa, sipo peke yangu kwenye kamati. Siwezi kuwapelekea somo la kwanza ambalo mwandishi mwenyewe amelikana saa moja kabla. Ile ya saa nne tuisimamishe kwanza. Tutakuandikia."

"Aksanti," nikasema, kwa sababu hakukuwa na neno lingine karibu.

Umwiza alikuwa amesikia. "*Tutakuandikia*," akarudia taratibu, na akaufungua mfuko wake, akatoa kipande cha samaki wa Kahindo kilichobaki na mkate, akavigawa katikati juu ya karatasi. Nilifikiri juu ya mama na wanakwaya. Nilifungua kifungo cha juu cha shati.

Saa nne kasoro dakika saba simu ikatikisika mezani. Ujumbe wa Kiwanja.

*Nimeona.*

Kisha, kabla sijaiweka chini, mwingine:

*Ila umesahau kuwaambia wafunge studio kwanza. Bila hiyo ni dakika 31.*

Nikasogea kwenye mashine, siyo ile kubwa, ile ya Charline iliyokuwa karibu. Ilifungua ukurasa polepole. Nikasubiri. Saa nne ikagonga kwenye redio ya saluni wakati natafuta mahali pa kuiingiza sentensi hiyo, nikaiandika, nikasoma yote tangu juu, nikatuma tena.